Pima Kabla ya Kununua: Kutafuta Hitilafu ya Chaji kwenye Lori la Zamani

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, malori ya zamani ya Nachingwea na Ruangwa hayapumziki. Canter, Isuzu, Fuso na Land Cruiser za mizigo zinabeba magunia kutoka maghala ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vijijini hadi maghala makuu, ambako mzigo unasubiri minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Mengine yanaendelea na safari hadi bandari ya Mtwara. Katika pilikapilika hizo, lori lisilopiga stata ni hasara ya siku nzima: mzigo umekwama, vibarua wanadai, na tajiri anapiga simu kila baada ya dakika tano.

Gari likigoma Kilimarondo au Mbekenyera, neno la kwanza kusikika ni "betri imekufa." Hela inatumwa, betri mpya inapakiwa kwenye basi, inafungwa, gari linawaka. Wiki haijaisha, watu wanasukuma tena. Betri ya kwanza haikuwa na kosa, na ya pili nayo inaelekea kufa kwa sababu ile ile: mkanda uliolegea, waya wa ethi uliooza, au alteneta iliyoacha kuchaji.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako dereva, tandiboi au mwenye gari. Hauhitaji uwe fundi umeme. Unakuomba jambo moja tu: pima kwanza, nunua baadaye, na upime kwa mpangilio, kuanzia kisichogharimu kitu hadi kinachogharimu sana.

KWA NINI MALORI YETU YANAUGUA CHAJI

Joto ndilo adui mkubwa wa betri. Linakausha maji ndani yake na kuharakisha kuoza kwa sahani za risasi. Mtikisiko wa barabara za vumbi kama ile ya kwenda Liwale unaangusha unga wa sahani hizo hadi chini ya betri na kulegeza kila nati. Vumbi linaingia kwenye alteneta na kusaga kaboni. Mvua zikianza Novemba au Desemba, tope na maji vinaingia kwenye soketi, na kutu inakula waya za ethi kwenye chesisi.

Kisha kuna foleni. Lori linapanga mstari nje ya ghala saa nyingi, injini imezimwa, redio inaimba, taa ya kebini inawaka, simu za watu watatu zinachajiwa. Jioni linatembea kilomita chache na taa zote zikiwa zimewashwa. Umeme uliotoka ni mwingi kuliko uliorudi.

Nachingwea ina historia ya somo hili. Mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufungwa 1951, ulitegemea sana mitambo na magari yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Mitambo chakavu, spea za kuagizwa mbali na upungufu wa mafundi ni miongoni mwa mambo yaliyouangusha. Leo spea zinafika haraka zaidi, lakini hesabu haijabadilika: mbali na mji, anayejua kupima anafika, asiyejua ananunua na kusubiri.

MFUMO UNAVYOFANYA KAZI

Betri ni pipa, alteneta ni bomba linalolijaza. Stata inachota ndoo kubwa kwa mara moja. Injini ikishawaka, alteneta inapaswa kulisha taa na vifaa vyote, kisha irudishe kwenye pipa kilichochotwa.

Injini inazungusha alteneta kwa mkanda, yaani fenibelti. Ndani ya alteneta kuna rota inayogeuka sumaku ikipelekewa umeme kidogo kupitia kaboni mbili. Sumaku hiyo ikizunguka, koili zinazoizunguka zinazalisha umeme. Diodi zinaugeuza uwe wa mwelekeo mmoja ili ufae betri. Regyuleta inalinda kiwango kisipungue wala kuzidi. Kwenye malori mengi ya Kijapani imo ndani ya alteneta. Kwenye ya zamani zaidi ni kiboksi kilichofungwa pembeni.

Kitu kimoja kati ya hivyo kikikosekana, chaji inapungua au inakatika. Kazi yako ni kujua ni kipi.

KISANDUKU CHA 1: VIFAA VYA KUWA NAVYO GARINI

- Mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ndogo
- Taa ya majaribio: balbu ndogo ya wati 5 yenye waya mbili, ya volti za gari lako
- Spana za vichwa vya betri na za kukazia mkanda
- Brashi ya waya, msasa, grisi au mafuta mazito ya kujipaka
- Kipande cha kebo nene yenye vibanio
- Fyuzi za akiba na mkanda wa akiba wa saizi sahihi

KISANDUKU CHA 2: USALAMA KWANZA

- Betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo inalipuka. Usivute sigara wala kumulika ndani ya betri kwa kiberiti.
- Vua pete na saa ya chuma. Spana ikigusa chanya ya betri na bodi kwa pamoja, inawaka nyekundu mkononi.
- Asidi ikiruka machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya.
- Ukifungua betri, anza na hasi. Ukifunga, malizia na hasi.
- Weka mbali mikono, kanga, kamba na mikono mirefu ya shati injini ikiwaka. Mkanda hauna huruma.

KWANZA, LIJUE GARI LAKO: VOLTI 12 AU 24?

Fuso na Isuzu nyingi za zamani kutoka Japani ni za volti 24: betri mbili za volti 12, chanya ya moja imeungwa na hasi ya nyingine. Betri mbili zikiungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, gari ni la volti 12. Fuata kebo kwa macho kabla ya kuamini maneno ya mtu. Kosa hapa linaunguza balbu, redio na alteneta.

KISANDUKU CHA 3: NAMBA ZA KUANDIKA NDANI YA MLANGO

Namba ya kwanza ni ya gari la volti 12, ya pili ni ya volti 24.

- Betri imejaa, injini imezimwa: 12.6 au zaidi / 25.2 au zaidi
- Betri iko nusu: karibu 12.2 / 24.4
- Betri imeisha: chini ya 11.9 / chini ya 23.8
- Wakati wa kupiga stata, isishuke chini ya: 9.6 / 19.2
- Injini inawaka, chaji nzuri: 13.8 hadi 14.5 / 27.6 hadi 29
- Chaji imezidi: zaidi ya 15 / zaidi ya 30

HATUA KWA HATUA

Fuata mpangilio huu bila kuruka. Hatua ya kwanza haihitaji mita, na mara nyingi safari inaishia hapo.

Hatua ya 1: Macho na mikono

1. Zima injini, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama kama sentimita moja, uko sawa. Ukizama sana, kaza. Ukiwa unang'aa kama kioo upande wa ndani, umechanika au umelowa mafuta, badilisha. Mkanda unaoteleza unapiga kelele unapowasha taa kubwa.
2. Tikisa kila kichwa cha betri kwa mkono. Kikicheza, hujapata umeme kamili. Unga mweupe au wa kijani usugue kwa maji ya moto na brashi, kausha, kaza, kisha paka grisi kwa juu.
3. Fuata waya wa ethi kutoka hasi ya betri hadi chesisi, na ule wa chesisi hadi injini. Fungua bolti, sugua chuma mpaka king'ae, funga tena. Bolti iliyokazwa juu ya rangi au kutu haipitishi umeme vizuri.
4. Angalia waya mnene nyuma ya alteneta. Nati iliyolegea au plastiki iliyoyeyuka inaonyesha mahali palipopata moto.
5. Angalia kama panya wametafuna waya. Lori lililolala karibu na ghala la nafaka au korosho linawavutia.

Hatua ya 2: Betri peke yake

1. Gari liwe limepumzika saa kadhaa. Kama limetoka kutembea, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime.
2. Pima volti kwenye nguzo za betri zenyewe, si kwenye vibanio.
3. Kwenye gari la volti 24, pima kila betri kivyake. Zikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.3, kuna tatizo kwenye betri moja au kwenye jinsi zinavyotumiwa.
4. Mwenzio apige stata huku wewe unasoma mita. Ikiwa betri inasoma 12.6 imepumzika lakini inaporomoka chini ya 9.6 ikipewa kazi, imechoka ndani. Hiyo ndiyo betri inayostahili kubadilishwa.
5. Betri yenye vifuniko: fungua, hakikisha maji yamefunika sahani. Yakipungua, ongeza maji yaliyosafishwa tu. Usiongeze asidi, maana kinachopotea kwa joto ni maji.

Betri iliyosoma chini bado hujaihukumu. Ichaji kwa mashine mpaka ijae, kisha rudia kipimo cha stata.

Hatua ya 3: Taa ya chaji kwenye dashibodi

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya chaji lazima iwake.

- Haiwaki kabisa: balbu imeungua, fyuzi imekatika, au waya mwembamba wa alteneta umechomoka. Usipuuze balbu hiyo. Kwenye alteneta nyingi, umeme unaopita humo ndio unaoamsha sumaku ya rota. Balbu ikifa, alteneta nzima inaweza kukosa kuchaji.
- Inawaka, na injini ikiwaka inazimika: dalili njema. Endelea kupima, kwa sababu chaji dhaifu huweza kuzima taa hiyo.
- Inabaki inawaka: alteneta haichaji. Nenda hatua ya 4 na ya 6.
- Inawaka kwa mbali au inapepesa: shuku kaboni, diodi au mguso mbovu.

Hatua ya 4: Chaji injini ikiwaka

1. Washa injini, ongeza mafuta kidogo ifike mizunguko kama 1,500 kwa dakika.
2. Pima kwenye nguzo za betri. Linganisha na Kisanduku cha 3.
3. Washa taa kubwa, feni ya kebini na waipa. Volti zinaweza kushuka kidogo, lakini zisirudi chini ya 13.2 au 26.4.
4. Zikibaki pale pale zilipokuwa kabla ya kuwasha injini, hakuna chaji.
5. Zikipanda kupita 15 au 30, zima injini. Mara nyingi ni regyuleta, au mguso mbovu kwenye waya wake au ethi yake. Betri itachemka, itanuka kama mayai viza, na balbu zitaungua mfululizo.

Huna mita? Usiku, elekeza taa kubwa ukutani, injini ikiwa taratibu. Ongeza mafuta. Mwanga ukipanda kisha ukatulia, kuna chaji. Ukibaki hafifu, hakuna.

Hatua ya 5: Umeme unaopotea njiani

Alteneta inaweza kuwa nzima lakini umeme wake usifike kwenye betri.

1. Injini ikiwaka na taa kubwa zikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo nene ya alteneta, nyingine kwenye chanya ya betri. Isizidi volti 0.5. Ikizidi, kuna kebo au kiungo kibovu katikati.
2. Weka ncha moja kwenye mwili wa alteneta, nyingine kwenye hasi ya betri. Isizidi volti 0.2. Ikizidi, tatizo ni ethi.

Huna mita? Chukua kebo yenye vibanio, bana hasi ya betri na chuma kitupu cha injini, kisha piga stata. Stata iliyokuwa inalalamika ikipata nguvu ghafla, umepata jibu: waya wa ethi.

Hatua ya 6: Alteneta yenyewe

1. *Kipimo cha sumaku.* Injini imezimwa, washa swichi. Sogeza ncha ya bisibisi karibu na nati ya puli au beringi ya nyuma ya alteneta. Ikivutwa, rota inapata umeme na kaboni zinagusa. Isipovutwa, shuku kaboni, waya mwembamba, fyuzi au regyuleta.
2. *Kaboni.* Zikibaki kama milimita 5, badilisha. Ni spea ndogo ya bei ndogo, na mara nyingi inairudishia alteneta uhai.
3. *Joto la asubuhi.* Kabla ya kuwasha gari alfajiri, gusa alteneta. Ikiwa ya uvuguvugu wakati injini imelala usiku kucha, diodi inavuja na inainyonya betri.
4. *Sauti.* Mngurumo unaopanda na mwendo wa injini ni beringi. Zungusha puli kwa mkono mkanda ukiwa umetolewa. Ikikwaruza, ibadilishe kabla haijagoma.
5. *Mafuta.* Kwenye dizeli nyingi za Kijapani, nyuma ya alteneta kuna pampu ya vakyumu inayosaidia breki, na inalainishwa na oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili inaingia kwenye kaboni. Ukibadilisha kaboni bila sili, umepoteza kazi.

ONYO KUBWA: Kwa sababu ya pampu hiyo, usikubali kufungiwa alteneta isiyo na pampu wakati ya zamani ilikuwa nayo. Chaji itarudi, lakini breki itakuwa ngumu kama jiwe. Lori lenye tani tatu za korosho halisimamishwi kwa nguvu za mguu peke yake.

Hatua ya 7: Nani ananyonya betri usiku?

Kama chaji ni nzuri lakini betri inaamka imeisha, fanya hivi:

1. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango.
2. Fungua kebo ya hasi. Unga taa ya majaribio kati ya kebo hiyo na nguzo ya hasi.
3. Taa ikiwaka, kuna kinachokula umeme. Chomoa fyuzi moja moja mpaka izimike. Fyuzi iliyoizima ndiyo njia ya mwizi.
4. Fyuzi zote zikiisha na taa bado inawaka, chomoa waya mnene wa alteneta na uufunge kwa tepu usiguse bodi. Taa ikizimika, ni diodi.

Usipige stata wakati taa au mita imeungwa hivyo.

UKIPATIKANA NJIANI

Taa ya chaji ikiwaka ghafla, simama mahali salama na utazame mkanda kwanza. Ukikatika, usiendelee: kwenye injini nyingi ndio unaozungusha pampu ya maji, hivyo injini itachemka, na kama pampu ya vakyumu iko kwenye alteneta, msaada wa breki nao umeondoka.

Mkanda ukiwa mzima na breki ziko sawa:

1. Zima redio, feni, chaja za simu na taa zisizo za lazima.
2. Usizime injini mpaka ufike kwa fundi. Dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida hutumia umeme kidogo, lakini ile yenye vali ya umeme ya kukata mafuta itazimika betri ikiisha kabisa.
3. Tembea mchana tu. Taa mbili za wati 55 kwenye gari la volti 12 zinakula karibu ampea 9, na ukijumlisha taa ndogo na za nyuma zinafika 12 au zaidi. Betri mpya ya ampea 70 kwa saa, ikiwa imejaa, kwa hesabu ya karatasi inamaliza saa zisizofika sita. Betri yako ya miaka mitatu haitafika hapo. Jua likizama, egesha, weka pembetatu za kuakisi, lala.

Ukibusti kwa gari jingine, hakikisha volti zinafanana. Chanya kwa chanya. Hasi ya gari zima ibanwe kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri.

MAKOSA YANAYOUA ALTENETA NA BETRI

- Kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka ili "kuona kama alteneta inachaji." Volti zinaruka ghafla na kuunguza diodi na regyuleta. Fundi akitaka kufanya hivyo, mzuie na umpe mita.
- Kuvuta volti 12 za redio kutoka betri moja kwenye gari la volti 24. Betri hiyo inaisha kila siku huku mwenzake ikijazwa kupita kiasi, na zote zinakufa. Funga konveta ya kushusha 24 kuwa 12.
- Kubadilisha betri moja kati ya mbili. Mpya itaburuzwa na kongwe. Nunua mbili zinazofanana, kwa wakati mmoja.
- Kuchomelea bodi au chesisi betri ikiwa imefungwa. Fungua betri na waya wa alteneta kwanza, na ethi ya mashine ibanwe karibu na mahali panapochomelewa.
- Kuweka fyuzi kubwa au waya badala ya fyuzi. Hitilafu itaunguza nyaya zote.
- Kumwagia alteneta maji ya presha wakati wa kuosha gari.
- Kukaza mkanda kupita kiasi. Unamaliza beringi za alteneta na pampu ya maji.

UKIFIKA KWA FUNDI, SEMA HIVI

Usiseme "gari halina chaji" tu. Mpe namba: "Betri imepumzika inasoma 12.5, ikipiga stata 10.4, injini ikiwaka 12.3, mkanda mzima, taa ya chaji haizimiki, bisibisi haivutwi." Kwa maneno hayo, fundi mzuri wa Nachingwea, Ruangwa au Masasi anaanzia kwenye kaboni na regyuleta moja kwa moja. Fundi mbabaishaji naye anajua kwamba mteja huyu hawezi kuuziwa betri asiyoihitaji. Kabla ya kulipa, pima tena mbele yake, taa kubwa zikiwaka, na uondoke na spea zako za zamani.

ORODHA YA KUKAGUA

*Kila Jumatatu asubuhi*
- [ ] Mkanda: mkazo na nyufa
- [ ] Vichwa vya betri: vimekaza, havina unga
- [ ] Betri imefungwa imara, haichezi
- [ ] Taa ya chaji inawaka kwa swichi, inazimika injini ikiwaka

*Kila mwezi*
- [ ] Maji ya betri
- [ ] Volti za betri ikiwa imepumzika, kila betri kivyake
- [ ] Volti za chaji, bila mzigo na taa zikiwaka
- [ ] Oili inayovuja nyuma ya alteneta

*Septemba, kabla ya korosho, na Mei, kabla ya ufuta*
- [ ] Bolti zote za ethi zimefunguliwa, zimesuguliwa na kufungwa
- [ ] Vumbi limepulizwa kwenye alteneta
- [ ] Kaboni zimeangaliwa
- [ ] Mkanda wa akiba na fyuzi vimo garini
- [ ] Namba zimeandikwa kwenye daftari la gari, zikiwa na tarehe

Daftari hilo usiliache. Chaji iliyokuwa 14.2 mwezi Mei, 13.9 Julai na 13.5 Septemba inakwambia alteneta inachoka wakati gari bado linawaka vizuri na fundi yuko jirani. Itengeneze wakati huo, kabla lori halijapakiwa magunia.